Khamala Alipoulizwa Kama ni Kweli

Khamala alikuwa seremala wa Gatina, Kawangware, mtu wa vitanda na mabenchi ya kanisa. Kanisa la Friends lilimlea asiseme uongo hata wa mzaha. Mteja akiuliza kama mbao zimekauka, alimjibu, "Bado. Rudi wiki ijayo." Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Mwaka wa tisini na sita, mkubwa fulani alizungusha mabati kwenye kiwanja walichofanyia kazi. Mafundi na akina mama wa sokoni wakaenda kwa chifu, wakapiga magoti nje ya ofisi yake wakiomba Mungu. Askari waliwakuta papo hapo magotini. Watu kumi na wanne, Khamala akiwa mmoja wao, wakatiwa ndani kwa kukutana bila kibali.

Dada yake, Nasipwondi, alitoka Kibera kwa miguu, akamkuta kwenye foleni ya mahabusu mlangoni mwa korti.

"Ulikuwa pale ama hukuwa?" akamnong'oneza.

"Nilikuwa."

"Basi ukiulizwa, sema ni kweli. Hakimu akiona umenyenyekea, atakuonya tu urudi nyumbani."

Muigai, muuza viazi aliyefungwa pingu moja na Khamala, aliguna. "Sista, usituharibie mtu. Hapa ukisema kweli umejifunga mwenyewe. Ama unataka akahubirie wafungwa?"

Khamala alicheka. Lakini macho yake yalikuwa kwa dada yake. Tangu utotoni, neno la dada huyo ndilo alilolifuata.

Kumi na watatu walisema si kweli, wakatoka kwa dhamana, na kesi yao ikafa polepole kwa kukosa mashahidi. Khamala alisema ni kweli. Hakimu hakuinua hata macho. Miezi tisa jela.

Mfungwa mwenzake alimwandikia rufaa. Kabla haijasikizwa, homa ya mapafu ilimchukua Khamala huko huko gerezani. Wakamzika kwao Bungoma, mvua ikijaza kaburi kabla ya udongo.

Wiki tatu baadaye, karani alitokeza mlangoni mwa korti ya rufaa akaita jina la Khamala. Akaliita tena, na tena. Nusura Nasipwondi ageuke kumtafuta.

"Amekufa," akasema.

Jaji aliulizia barua ya gereza ya kuthibitisha kifo. Haikuwa kwenye faili. Basi akasoma uamuzi wake: mshtakiwa alikiri kwa kinywa chake, naye aliyekiri hana la kulalamikia. Adhabu inabaki ilivyo.

Huko Makina, Kibera, mama yao alikuwa ameketi kitandani, hajala tangu asubuhi.

"Wamesemaje?"

"Wamesema amalize kifungo, mayi."

Mama alicheka. Alicheka mpaka jirani akagonga ukuta wa mabati, kisha kicheko kikamkatika ghafla.

"Na wenzake wote walikana. Mtoto wangu hakuwa mjinga. Nani alimwambia akiri?"

Nasipwondi alikuwa bado amesimama mlangoni, viatu mkononi.

"Sijui, mayi," akasema.