Gari la Mbeyu Laenda Kwenye Theluji

Magari ya Mtwapa yana ugonjwa mmoja, kuchemka, na Jefwa wa Junju ana dawa moja. Hufungua boneti, akang'oa themostati, kile kidude cha shaba kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta kupozwa mpaka injini ipate joto, akakitupa kwenye ndoo. Gari lisilo na kidude hicho halijui tena kuchemka. Wateja hushukuru wakaenda zao, na katika joto hili la pwani nani atalalamika kwamba injini yake ni baridi?

Basi mkwewe Oliver, mtu wa Norwe, alipoamua kulisafirisha kwa meli gari lake kuukuu hadi kwao, badala ya kuliuza kama watu wenye akili, kazi ya kuliandaa kwa majira ya baridi alipewa Jefwa. Baridi kali kuliko zote aliyowahi kuiona ni ya friji ya muuza samaki. Hata hivyo aliifanya kazi kwa moyo wote, maana ndani ya gari hilo angepanda binti yake Mbeyu pamoja na Kanze, mjukuu mchanga aliyepewa jina la mama mzazi wa Jefwa, ndiyo maana babu humwita "mama". Alimwaga maji ya bomba yaliyokuwa kwenye rejeta akatia yale ya kijani yasiyoganda. Alitoa oili nzito akatia nyepesi, akafunga betri kubwa, akapaka grisi mipira ya milango isishikane na barafu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye spana. Alipomaliza aliipiga boneti kofi akasema, "Hili hata kwenye barafu litalala uchi."

Januari, jua la asubuhi likiunguza mabati ya gereji, alikuwa ameinamia injini ya teksi ya Pamela, mteja wake wa siku nyingi, simu ilipolia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Baba, hita haitoi joto." Sauti ya Mbeyu ilitetemeka. "Tangu tulichukue gari bandarini ni vuguvugu tu, tukasema itashika. Sasa tuko mlimani, theluji imefunga njia, tumeambiwa tungoje mtambo uje kuisukuma. Injini inanguruma lakini hewa inayotoka ni baridi. Mikono ya Kanze haipati joto hata nikiiweka kifuani."

"Maji yamo?"

"Oliver ametazama, yamejaa."

"Feni ya hita inazunguka?"

"Inazunguka, Baba, inatupulizia barafu."

Simu ikakatika. Jefwa akarudi kwenye teksi kwa sababu mikono yake haikujua kwenda kwingine. Akalegeza boliti, akaitoa themostati, akainua mkono aitupe kwenye ndoo. Mkono ukabaki juu.

Alikumbuka. Gari la Oliver liliwahi kuchemka wakitoka Mambrui, na aliyeliponya alikuwa yeye. Amepaka grisi kila mlango, akausahau moto wenyewe! Injini ile, huko kwenye theluji, ingepoa tu hata ingurume mpaka Kiyama.

"Nimemuua mama," alisema.

Pamela akainuka kwenye benchi. "Fundi, una nini?"

Hakumjibu. Alipiga simu, haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akamnyang'anya Pamela simu yake akapiga kwa hiyo. Alimwita Mungu, akawaita na marehemu wa Junju mmoja mmoja. Alilia waziwazi mbele ya wateja, mzee mzima, wala hakujifuta. Mwisho akarekodi ujumbe: "Mbeyu, zibeni rejeta! Katoni, blanketi, chochote, upepo usiipige. Nilitoa themostati, kosa ni langu. Zibeni!" Ujumbe ukakwama pale pale kwenye simu.

Jua likapanda. Pamela alisahau safari zake akakaa naye. Hatimaye simu ikalia.

"Baba, ujumbe umefika. Oliver ameziba kwa katoni na mazulia. Mshale wa joto unapanda. Hewa inaanza kuwa ya moto, Baba!"

"Na mama?"

Mbeyu alisikika akimwita mtoto.

"Mbeyu, na mama?"

"Amelala. Amelala muda sasa. Amelegea, Baba, namwita haitiki."

"Usimwache alale! Mvue nguo, mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, mjifunike. Mfinye!"

"Baba..."

"Mfinye nyayo, nakwambia!"

Aliikandamiza simu sikioni. Alisikia hita ikipuliza, Oliver akisema kitu kwa lugha yake, Mbeyu akipumua kwa kwikwi. Kisha kilio kikaja, chembamba kwanza, halafu cha hasira.

"Basi, mamaa, basi, nyamaza," Mbeyu akaanza.

"Usimbembeleze!" Jefwa alipiga kelele, magoti chini kwenye oili. "Mwache alie, mwanangu. Mwache alie."