Askari wa Madumu na Mkungu wa Mama Mkwe

Jamani, leo nimeshindwa kumpokea mama mkwe mzigo!

Jumapili mimi ni askari wa Kirumi kwenye igizo la kanisani. Vazi la vita nimelitengeneza kwa madumu ya plastiki, nikayapinda kwa moto, nikayafunga na mpira wa baiskeli.

Nikalivaa kupima. Limenikaa vizuri, ila viwiko havikunjiki na kuvulika limegoma!

Mara hodi. Mama mkwe, kutoka kijijini Kikwe, mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pokea basi."

Nimenyoosha mikono kama mlingoti. Jasho hilo!

Akautua mwenyewe. "Mwanangu aliniambia kaolewa na mwanaume. Hakusema dumu."

Sasa anatoka jikoni na kisu cha ndizi, anasema nitulie alipasue vazi.

Nani yuko karibu na kwangu Lemara, aje aniokoe?