Nyungunyungu Mbele ya Washenga

Jamani, nasimulia kwa aibu, maana tangu siku ile kuna watu hapa Buzuruga ambao hutazama kwanza ardhi ninapokanyaga ndipo wanisalimu.

Jirani yangu Masanja huvua sato kwa ndoana, na chambo chake ni nyungunyungu anaowachimba kwenye udongo wa kando ya ziwa. Akalalamika kwamba siku hizi anachimba nyungunyungu wadogo tu. Mimi (nilisoma baiolojia chuoni, na ugonjwa huo hauna dawa) nikajiuliza: je, wachimbaji wanawamaliza wakubwa, wale wenye ukanda mwilini, ambao ndio wanaozaa? Nilihitaji kulinganisha na mahali pasipochimbwa kamwe, na mahali hapo palikuwa pamoja tu: bustani yangu, ambako asubuhi hiyo mke wangu alikuwa amepanga viti vya washenga kutoka Bukoba, waliokuwa wanakuja kumposa binti yetu Neema.

Nikasema, dakika chache tu. Maji yenye unga wa haradali huwawasha nyungunyungu wakatoka wenyewe. Nikamwaga ndoo, kimya, nikamwaga ya pili, kimya, nikaitwa ndani kuvaa shati, na niliporudi wageni wameshakaa, shangazi wa kijana anayeposa yumo ndani ya gomesi, gauni lao refu la sherehe, na viatu vya wazi, na ardhi imeanza kuchemka.

Walitoka! Wanene, wenye ukanda, kila mahali.

"Mama wee!" shangazi akapiga yowe. "Nini hiki mguuni?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikapiga magoti mbele ya wakwe: "Shangazi, tafadhali usinyanyue mguu, utaniharibia hesabu!" Nikamwinua mmoja. "Unaona ukanda huu? Huyu ameshakomaa, anazaa."

"Baba Neema!" mke wangu akaita, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane.

Bata wa Masanja wakavamia karamu, shangazi akapanda juu ya kiti, mshenga mkuu akachukua kofia yake.

"Tutarudi," akasema, "mkishamaliza kuhesabu mifugo yenu."

Neema alilia wiki nzima. Walirudi, ila kwa sharti kwamba tuzungumzie sebuleni, juu ya saruji, na mimi ninyamaze. Akaolewa.

Sitarudia, naapa. Ingawa bustani moja haithibitishi kitu, na wakwe wana shamba la migomba ambalo halijawahi kuchimbwa chambo. Sijaulizia. Na sitaulizia, mpaka kwanza nipate mjukuu.