Nyambizi Waliyoipita

Pale Itetemia, nani hakumjua Masolwa kwa sifa ya masikio yake? Alikulia kwenye mashamba ya tumbaku, akaingia jeshini, akaishia baharini. Katika mazoezi ya pamoja ya mataifa alipangwa kwenye manowari ya kigeni, kwenye sona, mtambo wa kusikiliza vilivyomo chini ya maji. Kazi yao ilikuwa kuinasa nyambizi iliyojificha. Haikuonekana, na kila nahodha alipomuuliza, Masolwa alijibu, "Hakuna kitu, afande." Alipostaafu akarudi nyumbani kufuga nyuki, na hadithi ikazidi kunoga: eti nyambizi ilimwogopa, ikatokomea.

Mwezi uliopita Abbasi, aliyekuwa naye melini, alishuka na treni kuja kumtembelea. Imakulata, mke wa Masolwa, alikuwa ndiyo kwanza ametenga ugali na mlenda. Wakiwa wanakula, Abbasi akatoa simu.

"Kaka, kuna mzungu aliyekuwa ndani ya ile nyambizi. Juzi kanitumia hii."

Ilikuwa picha ya ubavu wa manowari yao. Kwenye sitaha kijana mmoja anacheka, meno yote nje.

"Si wewe huyu?" Masolwa akauliza.

"Ndiye mimi. Nimepigwa picha kwa darubini yao, ile inayochungulia juu ya maji."

Tonge likamponyoka Masolwa. "Haiwezekani! Mimi nilikuwa nasikiliza!"

"Ulikuwa unaisikiliza meli yetu. Umesahau tulivyokuwa tumechelewa kufika tulikopangiwa? Nahodha alitakiwa apunguze mwendo mara kwa mara ili usikie vizuri. Hakupunguza hata mara moja. Kwa kasi ile rafadha, yale mapanga yanayosukuma meli, zinachemsha maji, maji nayo yanapiga chuma. Mvumo wetu wenyewe ndio uliokujaa masikioni. Wao walitusikia tungali mbali, wakajongea polepole, wakatulia kimya. Tukawapita."

Masolwa aliukumbuka ule mvumo. Alikuwa ameuzoea mpaka akauona ni ukimya.

"Walikuwa umbali gani?"

Abbasi akachungulia nje. "Kama hapa na pale kwa jirani yako."

Pale kwa jirani, mzee Shigela alikuwa anafunga mbuzi. Masolwa aliinuka kuchungulia, akaiona hata rangi ya kamba. Akakaa chini sakafuni, kiti kipo.

"Yalikuwa mazoezi tu, baba," Imakulata alisema. "Hakuna aliyekufa."

"Ingekuwa vita, leo wewe ni mjane. Na mimi nilishasema hakuna kitu!"

Jioni alikwenda kwa wenzake wa bao, akawaeleza yote. Walicheka, wakidhani ni utani wake mpya, mpaka walipoona mwenyewe hacheki.

"Sasa ile ya nyambizi kukuogopa?" Mathias akauliza.

"Iacheni. Haikuniogopa hata kidogo."

Bado humwomba asimulie, na husimulia. Ila akifika pale nahodha anapomuuliza, huomba maji kwanza.