Betri Iliyofungwa Kinyume

Kufikia katikati ya miaka ya tisini, hakukuwa na kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tatu, nikabeba magunia Eneo la Viwanda mpaka mabega yakaota sugu, na sasa nilikuwa na duka langu la simenti na mabati mjini Thika na nyumba ya mawe mtaani Ngoingwa. Watu wenye digrii walikuwa wanakuja kwangu kukopa misumari.

Tulihamia Ngoingwa kutoka Ruiru mwezi wa nane. Binti yangu wa kwanza alikuwa darasa la nane, na jina lake lilikuwa limeshaandikishwa kwa mtihani kule Ruiru. Hangeweza kuhama. Nikasema, basi, nitanunua gari nimpeleke mwenyewe kila asubuhi.

Mzee mmoja wa Ruiru, fundi mstaafu wa shamba la kahawa, alikuwa anauza gari la Mwingereza, la zamani, milango minne, rangi ya maziwa, viti vya ngozi vinavyonuka kama kabati la bibi arusi. Alitaka elfu sitini na saba. Nikafungua boneti, nikaona kitu.

"Mzee, nani alikufungia hii betri?"

"Mimi."

"Umefunga kinyume. Upande wa jumlisha umeupeleka kwa bodi, kwenye chuma cha gari. Hata mtoto anajua jumlisha ndiyo hubeba moto. Makosa kama haya yanashusha bei."

Alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Haya, kijana. Toa sitini na mbili. Lakini usiiguse. Iache vile iko."

Nilirudi Thika nikiimba. Elfu tano kwa kutumia macho tu!

Gari lilitembea vizuri wiki sita. Kila Jumamosi nililiosha, na ndani ya boneti kulikuwa na kibati kidogo chenye maandishi ya Kiingereza, karibu na betri. Nilikisugua mpaka kikang'aa. Kukisoma, sikukisoma. Sikumwambia mtu kwa nini.

Ilipobaki siku moja mtihani uanze, mama watoto akasema, "Mpeleke leo alale kwa shangazi yake Ruiru. Gari ni chuma, baba."

"Mtoto wangu alale kwa watu na gari liko hapa nje?"

Nilisema hivyo, kisha nikatoka kuliangalia tena. Mimi mtihani wangu ulikuwa magunia. Huyu akichelewa kesho, atangoja mwaka mzima, na atakumbuka aliyemchelewesha. Nikafungua boneti mara nne mchana huo. Kila nikifungua, ile betri ya kinyume inanitazama. Mwishowe nikachukua spana, nikageuza nyaya vile akili inavyotaka. Gari likawaka mara moja. Nikamwita mama watoto aje asikie.

Asubuhi tukatoka na ukungu, taa zimewaka. Tulipopita Juja nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikajiambia labda ni shamba la mtu linachomwa. Kisha moshi ukatoka chini ya dashibodi, taa zikafifia, injini ikakohoa ikafa. Ilikuwa saa moja na dakika kumi. Saa mbili wanafunga geti.

Nilifungua boneti. Msichana akaja kando yangu, amekumbatia penseli zake na ubao wa kuandikia.

"Baba, nani aligeuza betri?"

"Kwani we unajua betri?"

"Sijui. Lakini imeandikwa hapa." Akaweka kidole kwenye kile kibati changu kinachong'aa. "Inasema upande wa jumlisha ufungwe kwa bodi. Hukuona?"

"Niliona," nikasema. Haikuwa uwongo.

Alinitazama kidogo, kisha akageuka akaangalia barabara. Hakuniuliza tena. Ngai, Mungu wangu, afadhali angeniuliza.

Nikasimama katikati ya lami nikipunga koti. Magari mawili yakanikwepa na honi. La tatu lilikuwa lori la mawe ya kujengea. Dereva akatoa kichwa, akaliangalia gari langu.

"Mkubwa! Mzungu amechoka?"

"Mtoto ana mtihani Ruiru. Tafadhali."

"Pandeni. Mzungu mwachie ng'ombe."

Tukabanana mbele, vumbi la mawe hadi kwa meno. Mimi nahesabu dakika, yeye anasema kimya kimya majina ya sehemu za ua. Tulipofika, mlinzi alikuwa ameshashika geti, amelisukuma nusu. Msichana akaruka kabla lori halijasimama, akapita ubavu. Sare yake ilikuwa nyeupe mgongoni kwa vumbi. Nilimwangalia mpaka akaingia darasani.

Kisha nikatembea mpaka kwa yule mzee. Aliniona tu, akajua.

"Uliigusa."

"Niliigusa."

"Nitakutengenezea. Lakini rudisha kwanza elfu zangu tano."

Nikarudisha. Dinamo, boksi la chaji, nyaya na kuvutwa kutoka Juja, vyote vilikula elfu nne na mia nne. Kwa hesabu ya mwisho, gari lile lilinigharimu shilingi elfu sabini na moja, mia nne na hamsini. Ile hamsini ni ya dereva wa lori, na yeye hata hakuiomba.