Cheti cha Shule Inayopokea Watoto

Mama Nthatisi alifagia shule yetu, huku kwenye milima ya Lesotho, kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi za baridi aliwasha jiko la makaa langoni, ili watoto wanaotoka mbali wapashe mikono yao moto kabla ya kuingia darasani, hata waliochelewa.

Mwalimu mkuu mpya alilipiga marufuku. "Mama, unawadekeza. Anayechelewa akute lango limefungwa, arudi kwao."

Siku ya wakaguzi, yeye mwenyewe akaamuru jiko liwashwe. Wakaguzi wakafurahi, wakampa cheti cha shule inayopokea watoto vizuri. Kesho yake lango likafungwa tena, na Relebohile, msichana wa darasa la tatu, akarudishwa huku theluji inaanguka. Hakuja tena.

Baada ya wiki mbili Mama Nthatisi akapanda mlima kumfuata. Alimkuta akiokota kuni.

"Twende shule, mwanangu. Nitakufungulia mimi."

"Kwani ufunguo unao, Mama?"

Hakuwa nao. Akamvika mtoto blanketi lake, akashuka peke yake, na njia nzima aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyemfukuza.