Mama Woga wa Mpondwe na Siasa Yake ya Sufuria Moja

Jua halijapanda vizuri juu ya soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na Rehemah tayari anapiga yowe. Mbwa wa mlinzi amepita karibu na miguu yake, naye ameruka na gunia la maharage kichwani. Gunia halijaanguka! Wenzake wanacheka mpaka wanashika magoti.

“Mama Woga! Ule mbwa haina hata meno,” anamtania Jeanine, aliyekimbia mauaji ya Beni, upande wa Kongo, mwaka jana, 2014.

“Meno hapana, lakini mdomo iko!” anajibu, akiharakisha kwenda kwenye lori.

Ndiye huyo. Mzaliwa wa Kisinga, miaka arobaini na kitu, watoto watatu. Anaogopa radi, anaogopa afande yeyote mwenye sauti nzito, na daraja la mpakani halivuki bila kushika kanga ya mtu. Lakini ndiye aliyekusanya wapakiaji kumi na wawili, Waganda na Wakongo, wanaopakia kila lori pamoja na kugawana sawasawa. Siku nzuri kila mtu anarudi nyumbani na shilingi elfu nane. Aliye mgonjwa kitandani naye anapelekewa fungu lake.

Siasa hiyo ilitoka kwa baba yake, aliyeisikia kwa askari wa Tanzania waliopita huku wakati wa vita vya mwaka 1979.

“Baba alisema wale maafande walikuwa na neno moja tamu, ujamaa. Mimi nililipenda kwa sababu ya woga,” anasema Rehemah. “Mutu mwoga akianguka peke yake, nani atamuinua?”

Kwenye kibanda cha chai, dereva Badiru hamwachi apumue. “Ujamaa ni siasa ya waoga na wavivu! Mutu akule jasho yake.”

“Woga nakubali, Badiru. Uvivu, kuja ubebe.”

Sasa sikia kilichotokea juzijuzi! Tajiri mmoja wa maharage kutoka Kasese, Siraj, alimtaka Shakib awe mpakiaji wake peke yake, kwa malipo mara mbili. Shakib ndiye aliyekuwa nguvu ya kikundi, kijana anayebeba saruji kama mto wa kulalia. Akaenda.

Bila yeye kazi ikawa ya kujikokota, wenye malori wakaanza kuita watu wengine. Sufuria yao ya bundu, ule ugali wa muhogo wanaokula pamoja mchana, ikapungua. Wengine wakasema basi, tuvunje, kila mtu na mzigo wake. Rehemah hakuwa na kazi nyingine. Kwa nini hakumzuia Shakib?

“Nilitetemeka, wallahi. Lakini ukifunga mutu kamba, hiyo si ujamaa tena. Hiyo ni jela.”

Wiki tatu baadaye Shakib akaonekana amesimama kando ya sufuria, mikono nyuma.

“Eh! Patron wako Siraj amekufukuza?” Jeanine akamrukia. “Hapa chakula imeisha.”

“Hakunifukuza. Pesa alinipa.” Kisha akamgeukia Rehemah. “Lakini nikilala nawaza tu mgongo, mama. Mgongo ikikatika leo, kesho Siraj anaita mwingine. Mimi sijawahi ogopa kitu. Sasa naogopa.”

Rehemah alicheka mpaka akakaa chini. Yeye wa radi na mbwa, usiku hulala kama mtoto aliyeshiba. Shujaa wao ndiye aliyekuwa anakesha!

“Karibu kwa waoga, mwanangu,” akamwambia, akamsogezea bundu.

Jeanine hakusamehe bure. Shakib aliamriwa aoshe sufuria, na leo mchana bado anaisugua kwa mchanga, akiimba, huku malori mawili yakimsubiri.

Sasa wanaweka akiba ya kununua mkokoteni wa kikundi, migongo ya wazee ipumzike. Na siku mkokoteni huo ukifika, nani atakuwa wa kwanza kuusukuma darajani?

“Mimi!” anasema Rehemah bila kufikiri. Halafu anafikiri. “Lakini Shakib atangulie, Jeanine akuwe nyuma yangu. Na ule mbwa ndiye afungwe kamba.”